Mto ni wa umma, njia ya kuufikia je? Maswali ya wavuvi na wenye mashamba kando ya mito ya Nyando, Sondu, Yala na Nzoia

Kunapotajwa tuta la kuzuia mafuriko, daraja, bwawa au mfereji wa unyunyizaji, mambo mawili huchanganywa: ardhi inayochukuliwa na serikali kando ya mto, na haki ya mvuvi kufika majini. Yana sheria tofauti na ofisi tofauti. Anayepeleka malalamiko ya njia kwa afisa wa fidia, au ya fidia kwa afisa wa uvuvi, hupoteza miezi, na miezi hiyo ndiyo hasa hukosekana baadaye.

Mto ni wa nani?

Ni wa umma. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaja mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC). Sheria ya Maji ya 2016 inasema hivyo hivyo kuhusu maji yenyewe. Kwa hiyo samaki kama ningu au kambare aliye mbele ya shamba la mtu si mali ya mwenye shamba, wala mwenye shamba hana mamlaka ya kumtoza mvuvi kwa sababu tu maji yanapita hapo. Ardhi unayoikanyaga kabla ya kuyafikia maji ni suala jingine, na ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Hatimiliki yangu inafika hadi mtoni. Kwa nini naambiwa ukingo si wangu?

Aliyekuambia hivyo amekosea nusu. Ukanda wa ukingo ni ardhi yenye masharti. Kama uko ndani ya mipaka ya shamba lako lililosajiliwa kihalali, bado ni wako, ila sheria imekunyima baadhi ya matumizi: kulima, kufyeka miti, kujenga nyumba ya kudumu, kuchimba, kutupa taka, na kupanda miti ya kigeni inayodhuru maji. Mikaratusi imepandwa sana kwenye kingo zetu, na ndiyo hulalamikiwa kwanza vijito vinapokauka.

Upana wa ukanda hutegemea upana wa mto. Kanuni za rasilimali za maji zimeweka kiwango cha chini kuwa mita 6 kila upande na cha juu kuwa mita 30. Katikati ya hapo, ukanda hulingana na upana wa mto. Kijito cha mita 3 kina ukanda wa mita 6. Mto wa mita 12 una ukanda wa mita 12. Pale Nzoia inapozidi mita 30, ukanda hubaki mita 30.

Tatizo kubwa ni mahali pa kuanzia kupima. Kanuni za maji hupima kutoka sehemu ya juu ya ukingo. Kanuni za mazingira huhesabu kutoka alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yaliwahi kufika. Kwenye uwanda tambarare wa Kano vipimo hivyo viwili vinaweza kutofautiana sana, kwa kuwa Nyando ikifurika maji husambaa mbali. Afisa akija kuweka vigingi, mwulize anatumia kanuni gani na anaanzia wapi, uandike jibu lake pamoja na tarehe. Vigingi vya ukingo huwekwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Ofisi ya kanda ya kusini ya Ziwa Victoria iko Kisumu, na ya kaskazini iko Kakamega.

Mkandarasi anasema ukanda wa mita 30 haulipiwi fidia kwa kuwa ni ukingo wa mto. Ni kweli?

Si kweli kwa jumla. Serikali ikikukataza kulima ukingoni, haijachukua ardhi, kwa hiyo hakuna fidia. Ikitaka kujenga tuta, barabara au kituo cha pampu juu ya ukanda ulio ndani ya hatimiliki yako, inachukua ardhi, na kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia ya haki ilipwe kikamilifu na bila kuchelewa. Masharti ya ukingo yanaweza kupunguza thamani ya ukanda huo machoni pa mthamini, lakini kupunguza thamani si kuifuta.

Kuna hali moja inayobadilisha jibu. Ikithibitika kwamba hatimiliki yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria juu ya ardhi iliyotengewa umma, Katiba hailindi mali ya namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mkandarasi, chukua nakala ya ramani ya usajili (RIM) ya eneo lako na uone mstari wa shamba lako unaishia wapi.

Naweza kupita kwenye shamba la mtu ili nikavue?

Kuvua katika maji ya umma hakukupi ruhusa ya kukanyaga mahindi ya mtu. Kuingia bila ruhusa kwenye shamba lililozungushiwa ua au kulimwa ni kosa chini ya Sheria ya Uingiaji Bila Idhini. Lakini njia nyingi za kwenda mtoni zina msingi wa kisheria ambao watu hawaufahamu. Kuna mambo manne ya kuchunguza.

Kwanza, ramani. Ardhi zilipopimwa na kugawanywa vijijini, mara nyingi ziliachwa njia za kwenda mtoni na mahali pa kunyweshea mifugo. Kwenye RIM huonekana kama ukanda mwembamba usio na nambari ya ploti, au ploti ya umma iliyo chini ya serikali ya kaunti. Wenye mashamba jirani huzimeza kidogo kidogo: mwaka huu ua unasogezwa mita moja, mwaka ujao nyingine. Njia iliyo kwenye ramani haifi kwa kulimwa, hata ikilimwa miaka mingi.

Pili, haki zilizokuwepo kabla ya usajili wa kwanza. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema haki za njia na za maji zilizokuwepo wakati shamba lilisajiliwa mara ya kwanza huendelea kuifunga ardhi hiyo hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Kama wazee walipita hapo kwenda kutega migono kabla ya upimaji, ushahidi wao una uzito. Uandikwe mapema kama hati ya kiapo, wakiwa bado hai na wenye kumbukumbu.

Tatu, matumizi ya miaka 20. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, njia iliyotumiwa kwa amani na waziwazi, bila kukatizwa kwa miaka 20, na kwa namna ya mtu anayedai haki, inaweza kuwa haki kamili. Wengi huanguka kwenye hilo la mwisho. Ukipita kwa sababu mwenye shamba alikuruhusu, au unampa samaki wawili kila Jumamosi ili akuachie upite, miaka hiyo haihesabiki. Picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth husaidia sana hapa, maana njia ya miguu iliyotumika muda mrefu huonekana kama mstari mweupe.

Nne, makubaliano. Yaandikwe, yasajiliwe kwenye hatimiliki ya shamba njia inapopita, na yataje upana. Njia ya mita 3 inatosha watu na bodaboda yenye kreti za samaki. Pikapu za barafu zikitarajiwa kupishana, ombeni mita 6 tangu mwanzo. Makubaliano ya mdomo hukoma siku shamba linapouzwa.

Tumezibiwa njia kwa ua. Tuanzie wapi?

Msianze kwa kung'oa ua. Mkiung'oa, kesi ya njia hugeuka kuwa kesi ya uharibifu wa mali, na ninyi ndio mtakaosimama kizimbani.

Pigeni picha ua na eneo lote siku hiyo hiyo. Nunueni nakala ya RIM kwenye ofisi ya upimaji ya kaunti, na mfanye utafutaji rasmi wa shamba husika kwa msajili wa ardhi ili mjue jina lililo kwenye rejista, kwani mara nyingi aliyeweka ua ni mpangaji tu au mtoto wa marehemu. Kama njia iko kwenye ramani, mwandikieni msajili mkiomba mpaka utambuliwe. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kwanza juu ya mizozo ya mipaka ya jumla (isiyopimwa kwa usahihi kamili), na mahakama huwarudisha kwake wanaomruka. Atatoa notisi, atafika na mpima ardhi, na ataandika uamuzi. Nakala ya barua iende kwa chifu, kwa mwakilishi wadi na kwa idara ya ardhi ya kaunti. Ikiwa njia haiko kwenye ramani na mnategemea matumizi ya muda mrefu, mahali penu ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hapo mtahitaji wakili.

Tunaweza kuiomba serikali itengeneze njia mpya ya umma?

Ndiyo, na hili ni jambo ambalo vikundi vya wavuvi vingelitumia zaidi. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 145, inaruhusu serikali ya kaunti, chama au kikundi chochote cha watu kuomba kwa NLC njia ya jamii ipite katika ardhi ya watu binafsi. Ombi litaje njia inakoanzia na inakoishia, urefu, upana, nambari za ploti zote inazopita, na sababu. Chora mstari juu ya nakala ya RIM. Ombi lisilo na nambari za ploti husukumwa pembeni. Wenye ardhi hujulishwa na kusikilizwa kabla ya uamuzi.

Mtu ambaye ardhi yake imetumiwa kwa njia hiyo anastahili fidia, na mzigo wa kulipa humwangukia mwombaji. Ndiyo maana ni busara kuishawishi kaunti iwe mwombaji, nanyi muwe waungaji mkono wenye saini na nambari za vitambulisho. Ombeni pia fedha hizo ziingizwe kwenye bajeti ya wadi wakati wa vikao vya maoni ya umma. Njia iliyoidhinishwa bila fedha za fidia hukaa kwenye faili.

Ni lazima niwe mwanachama wa BMU ili nivue?

BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, kilianzishwa kwa kanuni za 2007 na kinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Kila ufuo wa kushushia samaki una BMU yake, na wavuvi, wenye mitumbwi na wachuuzi husajiliwa humo. Leseni na ukaguzi hupitia kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo. Muulize yeye leseni inayohusu zana yako, maana mwenye mtumbwi na mwenye ndoano ukingoni hawachukuliwi sawa.

Wanaovua ndani ya mto, mbali na ziwa, mara nyingi hawamo kwenye rejista yoyote. Ni kosa la gharama kubwa, kama jibu la swali la wavuvi wasio na ardhi hapa chini litakavyoonyesha. Jisajili kwenye BMU iliyo karibu na mdomo wa mto, au muunde kikundi kilichosajiliwa na idara ya huduma za jamii. Jiungeni pia na chama cha watumiaji wa maji (WRUA) cha mto wenu.

Kuhusu zana: kokoro (wavu unaokokotwa hadi ufuoni) na nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimepigwa marufuku, na sumu haikubaliki popote. Ningu na fwani hupanda mto kutaga mvua ndefu zinapoanza. Wavu uliotandazwa mdomoni kutoka ukingo hadi ukingo huwanasa kabla hawajataga, na hivyo ndivyo uvuvi wa ningu ulivyoporomoka katika mito inayoingia Ziwa Victoria. Acheni angalau katikati ya mto wazi. Kikundi kinachovua kwa zana haramu pia hupoteza sauti yake mbele ya tume ya ardhi na mbele ya mahakama.

Serikali inataka ardhi kando ya mto. Hatua ni zipi?

Waziri, au mjumbe wa kamati kuu ya kaunti, huiomba NLC ichukue ardhi kwa niaba ya mradi. Tume ikikubali, huchapisha notisi ya nia kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ikitaja nambari za ploti na ukubwa unaotakiwa, na nakala humfikia kila mwenye maslahi. Siku zisizopungua 30 baada ya notisi hiyo huitishwa kikao cha uchunguzi, nacho hutangazwa siku 15 au zaidi kabla. Vikao hivi hufanyika karibu na mradi, kwa kawaida kwenye ofisi ya chifu au ukumbi wa umma. Baada ya kikao tume huandaa tuzo, yaani uamuzi wa kiasi cha fidia, kwa kila mtu, wewe hukubali au hukataa, kisha hufuata malipo na kukabidhiwa kwa ardhi.

Siku ya hatari ni ile ya kikao cha uchunguzi. Dai lako la maandishi linapaswa kuwa mikononi mwa tume kabla au ifikapo siku hiyo. Watu huja wakidhani ni baraza la kusikiliza hotuba, wanasaini karatasi ya mahudhurio na kwenda nyumbani. Karatasi ya mahudhurio si dai. Beba barua yako katika nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Angalia pia nambari za ploti kwenye notisi, tarakimu kwa tarakimu. Kosa la tarakimu moja hupeleka fidia kwa jirani. Tume inaweza kuchapisha marekebisho, lakini lazima mtu aiambie.

Nani anahesabiwa kuwa mwenye maslahi?

Si mwenye jina kwenye hatimiliki peke yake. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ardhi kinawajumuisha wake au waume wa mwenye jina, na watu wanaoishi kwenye ardhi hiyo kwa hakika, pamoja na wake au waume wao. Mama anayelima bustani ya sukuma wiki ukingoni ilhali hatimiliki ina jina la mumewe ana haki ya kuandika dai na kusikilizwa. Aende mwenyewe kwenye kikao, na cheti cha ndoa, hati ya kiapo au barua ya chifu.

Fidia huhesabiwaje?

Msingi ni bei ya soko siku notisi ya nia ilipochapishwa. Juu yake, kanuni za 2017 za ukadiriaji wa fidia ya haki zinaongeza asilimia 15 kwa usumbufu. Tuseme kipande kinachochukuliwa kimethaminiwa shilingi 600,000: usumbufu ni 90,000, jumla 690,000, kabla ya kuongeza mengineyo.

Mengineyo ndiyo watu husahau kuyadai. Kuna hasara ya kukatwa kwa shamba, kwa mfano tuta likikuacha na kipande upande wa mto usichoweza kukifikia na ng'ombe. Kuna madhara kwa mali yako iliyobaki. Kuna gharama za kuhama nyumba au biashara, na hapa banda la kukaushia omena au kibanda cha barafu huingia. Kuna pia faida iliyopungua kati ya siku ya notisi na siku ardhi inapochukuliwa. Kila kimoja kiwe na mstari wake kwenye dai, na kiasi chake na ushahidi wake.

Hesabu miti mmoja mmoja kwa aina na umri: miembe 4 inayozaa, migomba mashina 30, mikaratusi 50 ya nguzo. "Miti mingi" haina bei. Makaburi yaorodheshwe peke yake, na familia ikubaliane mapema kama yatahamishwa, kwa sababu kuhamisha kuna vibali na gharama zake.

Kipande kilichobaki kikiwa kidogo mno kwa matumizi yake, omba kichukuliwe pia, sheria inaruhusu. Na upimaji wa mwisho ukionyesha eneo lililochukuliwa ni kubwa kuliko lililolipiwa, tofauti nayo hulipwa. Hudhuria upimaji huo na uandike vipimo vyako.

Nyumba iliyojengwa haraka baada ya uvumi wa mradi haitakusaidia. Ongezeko la thamani la miaka miwili kabla ya notisi huachwa nje, isipokuwa uthibitishe ulijenga kwa nia njema bila kuutegemea mradi.

Hatimiliki ina jina la babu aliyefariki. Itakuwaje?

Tuzo inaweza kuandikwa kwa jina la marehemu, lakini fedha hazitatoka mpaka kuwe na msimamizi wa mirathi. Katika vijiji vyetu hiki ndicho chanzo kikubwa cha fidia kukwama.

Anzeni mirathi siku mnaposikia habari za mradi, msingoje notisi. Mnahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote wakiwemo mabinti walioolewa, na fomu za mahakama. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hati ya usimamizi ikitolewa, uthibitisho wake kwa kawaida husubiri miezi 6. Mkijumlisha ucheleweshaji wa kawaida, ni mwaka mmoja au zaidi. Kumficha mrithi ili kuharakisha ni kupoteza muda, kwani hati inaweza kufutwa baadaye na mkarudi mwanzo huku fedha zikiwa zimeshagawanywa na kuliwa.

Wakati huo huo, andikeni dai kwenye kikao mkijitambulisha kama familia ya marehemu na mkieleza kwamba mirathi inaendelea.

Sisi ni wavuvi, hatuna ardhi. Tutapata chochote?

Leseni ya uvuvi si maslahi katika ardhi, kwa hiyo mkingoja tuzo ya NLC peke yake mtaachwa nje. Kuna milango mingine mitatu.

Mlango wa kwanza ni tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999. Mradi mkubwa wa mto hauwezi kuanza bila leseni ya NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira), na ripoti yake hutangazwa ili watu watoe maoni. Pelekeni maoni kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo: mnavua wapi, kwa zana gani, miezi ipi, mnapita njia ipi, na nini kitazibwa. Yaliyoandikwa hapo yanaweza kugeuka kuwa masharti ya leseni, na sharti la leseni linaweza kufuatiliwa.

Wa pili ni mpango wa makazi mapya na urejeshaji wa riziki, ambao wafadhili kama Benki ya Dunia huudai. Mipango hiyo hutambua kupoteza riziki hata kwa asiye na ardhi. Lakini hufanya sensa na kuweka tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa, na asiye kwenye sensa huachwa. Wanaohesabu huanza na rejista ya BMU. Ndiyo maana kusajiliwa kuna uzito kuliko watu wanavyodhani.

Wa tatu ni kifungu cha 40(4) cha Katiba, kinachoruhusu fidia kwa waliokalia ardhi kwa nia njema bila hatimiliki. Kinawasaidia zaidi wenye vibanda na makazi kuliko wenye nyavu peke yake.

Kwa milango yote, ushahidi ni daftari. Andika tarehe, aina ya samaki, kilo, bei na mnunuzi, kila siku ya kuvua. Daftari la miezi 12 lina nguvu kwa sababu linaonyesha msimu wa mvua na wa kiangazi. Kumbukumbu za M-Pesa za wanunuzi huliunga mkono.

Tuombe nini wakati mradi bado uko kwenye michoro?

Huu ndio wakati wenye faida kubwa kuliko wote, maana kubadilisha mstari kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuvunja zege.

Kwenye tuta, kama yale ya Nzoia kule Budalang'i, ombeni mahali pa kuvukia penye mteremko wa pande zote mbili, ulioimarishwa kwa mawe, mpana wa kutosha watu wanne wanaobeba mtumbwi. Pasipokuwa na mteremko watu hukata ngazi wenyewe kwenye udongo. Mvua huingia hapo, mkato unakua, na mafuriko yanayofuata hupasua tuta mahali pale pale. Mhandisi akielezwa hivyo huelewa, kwa sababu ni usalama wa tuta lake.

Kwenye daraja, ombeni njia ya kushukia mtoni iachwe ndani ya hifadhi ya barabara, na mashimo ya kuchimbia changarawe yasiachwe ukingoni. Kwenye bwawa au banio la umeme au unyunyizaji, ulizeni mambo mawili: samaki watapandaje, na maji ya akiba ni kiasi gani. Maji ya akiba ni yale yanayopaswa kuachwa yapite chini ya banio kwa ajili ya watu na viumbe. Ombeni kipimo kiwekwe mahali panapoonekana, ili mtu yeyote aweze kusoma kama yanaachwa kweli.

Sikubaliani na tuzo, au fedha zimechelewa. Nifanye nini?

Ukikataa tuzo, andika kwamba unaikataa na utaje sababu: ukubwa wa eneo, bei, au kitu kilichoachwa. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa huongeza uzito. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019 kuna Baraza la Rufaa la Utwaaji Ardhi, na ombi hupelekwa huko ndani ya siku 30 tangu uamuzi wa tume. Sheria hiyo hiyo inaeleza kwamba malipo ya haraka ni yale yasiyozidi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Fedha zikichelewa, dai riba.

Akaunti ya benki iwe na majina yale yale yaliyo kwenye kitambulisho na hatimiliki. Herufi moja ikitofautiana, tengeneza hati ya kiapo mapema. Kisheria huhitaji wakala yeyote kupokea fidia yako, kwa hiyo usisaini karatasi ya kumpa mtu asilimia.

Mzee mmoja yuko tayari kutupa ardhi ya kushushia samaki. Hatimiliki iwe kwa jina la nani?

Si kwa jina la mwenyekiti. Mwenyekiti akifariki, ardhi huonekana mahakamani kama mali yake na watoto wake huidai wakiwa na haki kwenye karatasi. Iandikwe kwa jina la serikali ya kaunti ikiishikilia kwa amana kwa matumizi ya uvuvi, au kwa wadhamini waliosajiliwa. Kipande kikatwe na mpima ardhi kwa fomu ya mutesheni (ya kugawa shamba), na shamba la kilimo linapohama kati ya watu binafsi, ombi la kibali cha bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Likipita muda huo makubaliano hubatilika. Mke wa mzee asaini ridhaa. Chagueni mahali palipobaki pakavu maji ya ziwa yalipopanda 2020.

Ufuo wetu wa umma umegawiwa mtu binafsi. Inawezekana kisheria?

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka NLC ihakikishe ardhi ya umma inayogawiwa haimo kwenye maeneo ya kushushia samaki, fuo na kingo za mito. Chukueni nakala ya ramani, rekodi za BMU na stakabadhi za ada mlizolipa kaunti mkiutumia ufuo huo, mwiandikie tume na kaunti, kisha muende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ombeni kwanza amri ya kusimamisha ujenzi, kwa sababu ukuta ukishasimama kesi huwa ndefu zaidi.

Mto umehama. Mpaka unahama nao?

Mto ukila ukingo polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka kwa kawaida huufuata. Ukiruka mkondo kwa mafuriko ya usiku mmoja, mpaka hubaki ulipokuwa. Ombeni msajili na mpima ardhi wafike kabla ya mtu yeyote kulima mkondo wa zamani, na pigeni picha alama zilizobaki, hasa miti mikubwa iliyokuwa ukingoni.

Mradi ukiachwa, ardhi inarudi?

Lengo la umma likikoma, tume inaweza kumpa mwenyewe wa awali au warithi wake nafasi ya kwanza ya kurudishiwa ardhi, akirejesha fidia aliyopokea. Tunzeni nakala ya tuzo na ya notisi ya Gazeti Rasmi mahali pasipofika maji ya mafuriko.